Wamama wa kariere, mujipime mbele ya kununua sutiene

Mwaka 2006 nilikuwa ninapanda Bisie na mzigo wa maharagi mgongoni, ninashuka na mawe. Watu waliokuwa Walikale wakati ule wanaijua njia hiyo: unatoka Ndjingala, unaingia porini, unalala njiani, na kesho yake tu ndiyo unafika kariere. Hakuna gari, hakuna pikipiki. Kamba ya mzigo inakamata kipaji cha uso, mfuko unalala mgongoni, na chini ya mfuko, katikati kabisa ya uti wa mgongo, kuna vichuma vidogo vyenye hakuna mtu anaviwazia: agrafe za sutiene.

Mimi pia sikuviwazia. Nikifika nilikuwa ninavua blauzi polepole juu ilikuwa imegandamana na kidonda. Leo niko na miaka zaidi ya makumi ine, na alama mbili ziko pale pale, kama mtu alinichoma na misumari. Mabegani niko na mifereji miwili yenye bretele zilichimba. Miaka yote nilisema: ni mzigo, ni kazi, tutafanya nini.

Mshonaji mumoja wa soko la Mubi ndiye alinifungua macho. Nilienda anipime blauzi ya kikwembe. Akazungusha metre, akasimama, akaniangalia mgongo.

— Dada, hii sutiene si yako.

— Namna gani si yangu? Nilinunua na franga zangu.

— Ulinunua, ndiyo. Lakini si yako. Unavaa namba gani?

Sikujua. Nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari, nilikuwa ninahesabu kilo za mawe bila kalkulatrise, lakini namba ya kifua changu, hapana.

Tangu siku ile, kila fasi tunafanya mkutano wa wamama wa sendika, Masisi ao Walikale, ninauliza maswali mawili. La kwanza: nani anajua namba ya kiatu chake? Mikono yote juu. La pili: nani anajua namba ya sutiene yake? Wanaanza kucheka, wanaangaliana, mikono inabaki chini. Wengi wananunua na macho. Wanachukua sutiene kwenye balo ya kaguwa, wanaiweka mbele ya kifua juu ya nguo, wanasema "itanienea," wanalipa. Kiatu hakuna mtu anakinunua vile.

Nilipoleta neno hili katika komite yetu, baba mumoja alicheka sana. "Sendika inaingilia wapi mambo ya sutiene?" Nikamuliza: tumegombania boti, tumegombania kofia ya kazi na taa ya kichwa, hivyo vyote wanavaa nani? Wenye kuingia shimoni. Na wamama wenye kubeba mifuko toka shimoni, wenye kusafisha mawe wameinama ndani ya maji toka asubuhi, wao kifaa chao cha kazi ni nini? Akanyamaza. Sikusema kama alikubali, nimesema alinyamaza.

Basi tuanze. Jambo la kwanza ambalo wamama hawajui, na mimi pia sikulijua: si bretele ndiyo inabeba matiti. Ni mkaba, ile sehemu yenye inazunguka kifua chini ya matiti mpaka kwenye agrafe. Mkaba ukikamata vizuri, unabeba karibu uzito wote, na bretele zinafanya tu kazi ya kushikilia vikombe visianguke. Mkaba ukiwa mkubwa, unapanda mgongoni kama pazia, matiti yanashuka mbele, na mama anafanya nini? Anavuta bretele. Anazifupisha tena, anafunga hata fundo. Hapo mabega yanaanza kukatwa, shingo inauma, kichwa kinauma jioni. Ongeza mfuko wa mawe juu ya hayo yote.

Ukitaka kujua kama yako ni vile, vaa sutiene yako sasa hivi, angusha bretele zote mbili kwenye mikono. Ikishuka yote, basi bretele ndizo zilikuwa zinafanya kazi ya mkaba.

Sasa namna ya kujipima nyumbani. Hauna metre ya mshonaji? Metre ya chuma ya wale wanaotengeneza miti ya shimo haifai, haijipindi kwenye mwili. Chukua kamba nyembamba yenye haivutike, na rula ya mtoto ya shule. Ukikosa rula, angalia vizuri noti ya dolari, ile pengine iko ndani ya sutiene yenyewe. Noti zote za dolari za Marekani, ya 1 mpaka ya 100, ziko na urefu mumoja: santimetre 15,6. Noti tano moja nyuma ya ingine ni santimetre 78.

Funga mlango. Vua juu, ao baki na sutiene nyepesi yenye haina sponji. Simama wima, toa pumzi. Zungusha kamba chini ya matiti, pale pale yanapoanzia, iwe sawasawa mbele na nyuma, isipande mgongoni. Vuta mpaka inakamata bila kuumiza. Tia alama na bic, pima kamba kwenye rula, andika. Hiyo ni hesabu ya chini.

Kisha zungusha kamba mara ya pili fasi matiti yanapojaa zaidi, juu ya chuchu. Hapo usivute, kamba iguse tu ngozi. Kwa mama mwenye matiti mazito ao yenye yamelala kisha kunyonyesha watoto wengi, kusimama wima kunadanganya: uiname kidogo mbele ili matiti yote yaingie katika kipimo. Andika. Hiyo ni hesabu ya juu. Kama uko na dada ao binti mkubwa, akusaidie kuangalia kamba ya nyuma. Bwana pia anaweza, kama anaweza kuacha kucheka.

Hesabu ya chini ndiyo inatoa namba. Ukipata toka 68 mpaka 72, namba ni 70. Toka 73 mpaka 77 ni 75. Toka 78 mpaka 82 ni 80. Toka 83 mpaka 87 ni 85, na vile vile kuendelea, tano kwa tano. Kisha toa hesabu ya chini kwenye hesabu ya juu, inayobaki inatoa herufi ya kikombe. Ikibaki 12 mpaka 14 ni A. Mpaka 16 ni B, mpaka 18 ni C, mpaka 20 ni D, mpaka 22 ni E. Ukianguka kwenye mpaka kabisa, jaribu zote mbili.

Hizi herufi si za zamani sana. Sutiene yenyewe Wafaransa wanamuhesabia Herminie Cadolle, aliyekata korse katika vipande viwili mwaka 1889. Marekani, Mary Phelps Jacob alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1914 juu ya ile alishona na mishwari miwili. Lakini kutumia A, B, C na D kwa ukubwa wa kifua kulianza mwaka 1932 na kampuni ya Marekani, S.H. Camp. 

Kwa mfano, mama mumoja wa Ngungu tulimupima katika mkutano, nyuma ya pazia. Chini 76, juu 93. Inabaki 17. Basi ni 75C. Sutiene aliyokuwa amevaa ilikuwa imeandikwa 100B. Mkaba ulikuwa mkubwa kwake santimetre 10 nzima! Alikuwa anaenda mtoni kusafisha coltan na kitu chenye hakimushike kabisa, na aliwaza ni uzee.

Najua mtasema: 100 na 75, tofauti yake ni 25, wewe unasema 10? Hapa ndipo kaguwa inatupoteza, tuende polepole. Ndani ya balo moja kuna nguo toka inchi nyingi, na kila inchi inaandika namba yake. Ujerumani na inchi nyingi za Ulaya wanaandika 70, 75, 80, kama vile nimepima hapa. Wafaransa na Wabelgiji wanaongeza 15: kwao 75 inakuwa 90, 80 inakuwa 95, 85 inakuwa 100. Waingereza na Wamarekani wanahesabu kwa inchi za metre: 32 ni 70 yetu, 34 ni 75, 36 ni 80, 38 ni 85, 40 ni 90. Basi ile 100B ya mama wa Ngungu ilikuwa ya Kifaransa, ni kusema 85B. Yeye alihitaji 90C ya Kifaransa, ao 34C ya Kiingereza. Na kisha D, Waingereza wanaandika DD pale wengine wanaandika E, kwa hiyo ukiona DD usikimbie.

Mara nyingi kwenye kitambaa kidogo cha ndani wameandika zote: EU, FR ao F, UK, US. Soma mustari wa EU. Lakini kitambaa kikiwa kimekatwa, ao kuna namba 90 peke yake na haujui ni ya nani, achana na namba. Toa kamba yako mfukoni, ile yenye alama ya chini. Laza sutiene, pima mkaba toka agrafe mpaka agrafe bila kuvuta: sherti uwe mfupi kuliko kamba yako. Kisha uvute: sherti ufike kwenye alama, na ukiachilia urudi. Ukifika bila kuvutwa, ni mkubwa. Ukivutwa na haurudi, lastiki imekufa, hata wakikupatia bure uache.

Lastiki ndiyo shida kubwa ya kaguwa. Sutiene mpya inapaswa kukukamata vizuri kwenye agrafe za nje, zile za ulegevu. Ikilegea kisha miezi, unahamia za katikati, kisha za mwisho. Ndiyo sababu waliweka mistari miwili ao mitatu. Sasa kama sutiene ya kaguwa inakukamata tu kwenye agrafe za mwisho siku unainunua, unanunua maiti. Muuzaji atakuambia "iko sawa kabisa, mama." Muuzaji hatabeba mfuko wako.

Na kama 75C haipatikane sokoni, kuna njia ya jirani: kikombe cha 75C kinaenea sawa na cha 80B ao cha 70D. Ukipanda namba moja ya mkaba, shuka herufi moja. Ukishuka namba, panda herufi. Lakini usiende mbali zaidi ya hatua moja, juu mkaba utaanza tena kupanda mgongoni.

Ukivaa, angalia hivi. Mkaba wa nyuma uwe sawa na wa mbele, vidole viwili vipite chini yake, si mkono muzima. Katikati ya vikombe kitambaa kilale kwenye mfupa wa kifua. Titi lisimwagike juu wala upande wa kwapa, na kikombe kisiwe na makunyanzi kama mfuko mtupu. Kama kuna waya chini, uzunguke titi lote, usilale juu yake. Kisha nyosha mikono juu, inama kama uko mtoni, fanya kama unainua mzigo. Yenye inakaa vizuri ukisimama mbele ya kioo na kuruka ukiinama, haifai kwa kazi yetu.

Narudi kwenye alama zangu mbili za mgongo. Kwa mama mwenye kubeba mgongoni, hata namba ikiwa sawa, agrafe za nyuma ni adui. Siku ya mzigo tafuta ile yenye inafungwa mbele, ao ile inaitwa brasière, ya michezo, yenye kuvaliwa juu ya kichwa bila chuma. Kwenye balo ziko, wengi wanaziruka juu hazina dantele. Ukikosa, mpelekee mshonaji ile uko nayo: atashona nyuma ifungwe kabisa na kuhamisha agrafe upande wa ubavu, fasi mfuko haufiki. Mimi nilifanya vile. Na waya wa chini nilikata tundu kidogo, nikauvuta nje, nikashona tena, juu waya wenye kutoboa ukiwa na kilo 50 mgongoni, sitaki kueleza.

Wamama wenye kunyonyesha, nyinyi musijipime leo na kusema imeisha. Titi la asubuhi mbele mtoto ajanyonya si lile la baadaye. Mupime likiwa limejaa. Sutiene yenye kubana siku nzima inaweza kuzuia maziwa fasi moja, pale panakuwa pagumu, pekundu, na moto, kisha homa. Dada mumoja wa kikundi chetu aliacha kazi majuma mawili juu ya hiyo. Alikuwa anabana kwa makusudi ili maziwa yasimwagike mbele ya wanaume. Ukisikia fasi ngumu na homa, endelea kunyonyesha na uende kituo cha afya siku ile ile. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamupatia mama mwenye kunyonyesha nusu saa mara mbili kila siku. Katika kariere za mikono hakuna bwana-mkubwa wa kuiheshimu, ni sisi wenyewe katika vikundi tunapaswa kuachiana nafasi.

Na wenye mimba: tunajua namna mambo yako. Tangu kanuni ya 2012, kariere yenye kupatikana na wanawake wenye mimba inaweza kupewa rangi nyekundu, basi wengine wanajifunga tumbo na kifua ili wasionekane. Kifua kinakuwa kikubwa toka miezi ya kwanza. Sutiene ya mbele ya mimba haitakuenea, na kujifunga kwa nguvu chini ya mzigo ni kujinyima pumzi. Njoo kwetu tukutafutie kazi ya kukaa, kama kupika ao kuuza. Hatuna nafasi nyingi, lakini ziko.

Kuna swali lenye linarudi kila mara: kuweka telefone na franga ndani ya sutiene kunaleta kansa? Mwaka 2014, watafiti wa Seattle, Marekani, walitoa matokeo kisha kuuliza wanawake zaidi ya 1500 namna wanavaa sutiene, saa ngapi kwa siku, na namba gani. Hawakuona sutiene inaleta kansa ya titi. Juu ya telefone pia, hakuna mtafiti amehakikisha kama inaleta kansa ya titi. Lakini telefone inapanua kikombe, inaharibu lastiki, na jasho linaharibu telefone. Shona kimfuko ndani ya kikwembe. Kama umeona uvimbe wenye hauumi, ngozi yenye kuingia ndani, ao damu kwenye chuchu, hapo usiangalie sutiene, enda kwa munganga.

Neno dogo juu ya kufua. Tunafua sutiene usiku, tunaianika chini ya nguo ingine ili wapita njia wasiione, na hapa Masisi mvua haiishi. Haikauke. Asubuhi tunaivaa na unyevu, na vumbi la mawe juu yake, kisha tunashangaa vipele na harufu chini ya matiti. Anika kwenye hewa. Wakiona, wataona nini chenye hawajui?

Mwisho, juu ya wababa wenye kuleta zawadi toka Goma. Wanawaza vizuri, lakini wanaingia Birere na kumuonyesha muuzaji ukubwa kwa mikono, na kila mtu sokoni anaangalia. Sisi tumepata dawa. Mke anachukua kamba yake, anapiga fundo moja kwenye hesabu ya chini na la pili kwenye hesabu ya juu, na kwenye karatasi anaandika namba zote tatu: ya Ulaya, ya Kifaransa, ya Kiingereza. Baba anaweka kamba mfukoni, hakuna kueleza. Juma lililopita yule baba wa komite aliyecheka alikuja kwangu nje ya ofisi, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akatoa kamba yenye mafundo mawili. Bibi yake amemtuma, lakini amesahau karatasi. Tukapima kwenye rula ya mtoto wangu: 79 na 94. Nikamuandikia 80B, 95B, 36B, na chini yake: yenye kufungwa mbele.